Watoto Wanaojifunza Ushirika Kambini

Leo tutasafiri. Safari yetu haihitaji nauli. Haihitaji pasi wala mzigo. Inahitaji jambo moja tu, nalo ni kujua kusoma. Wewe tayari unajua. Basi keti kivulini, fungua ukurasa, twende.

Tunakwenda Marekani, upande wa kaskazini, karibu na mpaka wa Kanada. Hatuendi kutazama majumba marefu. Tunakwenda kwa wakulima. Tunataka kuona jinsi wakulima wa huko wanavyowapeleka watoto wao katika kambi za ushirika. Tukishaona, tutarudi nyumbani na kujiuliza: Je, jambo hili linatufaa sisi?

Usishtuke kwa neno kambi. Kambi hii si ya askari wala ya wakimbizi. Ni mahali ambapo watoto hulala kwa siku chache, mbali na wazazi wao. Hucheza, huogelea, huimba na kujifunza. Kambi hizo hufanyika wakati shule zimefungwa, katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Huku kwetu Julai ni mwezi wa baridi. Huko kwao ndiyo majira ya joto. Mwezi Juni jua huzama karibu saa tatu usiku. Watoto wana muda mrefu wa kucheza, na wakulima wana muda mrefu wa kazi.

ZIWA LINALOSHINDA VICTORIA

Tunaanzia ufukoni mwa Ziwa Superior. Ukisimama hapa huoni ng'ambo. Utadhani ni bahari. Lakini chota maji uonje: hayana chumvi. Katika maziwa yote ya maji yasiyo na chumvi duniani, hili ndilo lenye eneo kubwa kuliko yote. Ziwa letu la Victoria ni la pili.

Meli kubwa zinapita mbele yetu. Nyingi zimebeba madini ya chuma. Madini hayo huletwa kwa treni kutoka machimbo ya bara, yakapakiwa melini, yakapelekwa kwenye viwanda vya kuyeyusha chuma. Wakati wa baridi kali maji ya pwani huganda yakawa magumu kama jiwe. Ndipo meli hupumzika mpaka barafu iyeyuke.

Mji ulio upande huu unaitwa Superior, kama ziwa. Uko katika jimbo la Wisconsin. Ng'ambo ya ghuba kuna mji wa Duluth, katika jimbo la Minnesota. Ukumbuke mji huu wa Superior. Tutaurudia baadaye kidogo.

Sasa tuifuate njia ya treni za chuma. Tunapanda kwenda bara kiasi cha kilometa 120, mpaka mji wa Hibbing.

MJI ULIOHAMISHWA

Hapa Hibbing kuna shimo. Si shimo la kuchimba kwa siku moja. Limechimbwa kwa zaidi ya miaka 100, na limepanuka mpaka likawa kama bonde. Ndani yake magari makubwa yanaonekana madogo kama wadudu.

Mji wa kwanza wa Hibbing ulijengwa juu ya chuma chenyewe. Shimo lilipopanuka, mji ulikuwa unazuia kazi. Mwaka 1919 watu walianza kuuhamisha. Nyumba nzima ziliinuliwa, zikawekwa juu ya magogo, zikaviringishwa polepole mpaka mahali papya. Utaona kwamba hapa chuma kilikuwa na nguvu kuliko mji.

Ni nani walikichimba chuma hicho? Walikuwa watu wa mataifa mengi. Wengi walitoka nchi ya Finland, kaskazini ya Ulaya. Labda umewahi kulisikia jina hilo. Finland ni mojawapo ya nchi zilizosaidia kujenga kituo cha elimu cha Kibaha, katika miaka ya 1960. Lakini Wafini wa Hibbing hawakuwa matajiri wa kutoa misaada. Walikuwa maskini waliotafuta kazi.

Kazi ilikuwa ya hatari na mshahara ulikuwa mdogo. Mwaka 1907 wachimbaji waligoma. Walishindwa. Wafini wengi majina yao yaliandikwa katika orodha ya watu wasiotakiwa. Mtu aliyeandikwa humo alizunguka kutoka mgodi huu hadi mgodi ule, na kote aliambiwa, "Hakuna kazi." Mwaka 1916 wachimbaji waligoma tena, na tena wengi walifukuzwa.

Watu hao walifanya nini? Walikwenda porini. Waliingia katika mashamba ambayo miti yake mikubwa ilikwisha kukatwa na makampuni ya mbao. Vilibaki visiki na mawe. Waling'oa visiki kimoja kimoja. Walipanda viazi na majani ya mifugo, wakafuga ng'ombe wa maziwa.

Tena walikuwa na shida ya duka. Wakati wa mgomo wako wenye maduka waliokataa kuwakopesha. Basi waliambiana, "Tuwe na duka letu wenyewe." Kila mtu alitoa kidogo. Maduka ya ushirika yakaanza, moja hapa na jingine pale.

Sasa tuurudie mji wa Superior. Mwaka 1917 wajumbe wa vyama hivyo vidogo walikutana huko. Walitaka kuanzisha chama kikuu cha kununua bidhaa kwa jumla, ili vyama vidogo vipate bei nafuu. Mtaji ulikuwa wapi? Haukuwapo. Walichanga hapo hapo mkutanoni. Walipohesabu, walipata dola 15 na senti 50. Basi wakaanza na hizo. Chama kikuu hicho kilikua. Kilifikia kuoka mikate yake na kuuza kahawa yenye chapa yake.

BUSTANI YA WANAUSHIRIKA

Karibu na Hibbing kuna mahali panapoitwa Mesaba Co-op Park. Maana yake ni bustani ya ushirika ya Mesaba. Mwishoni mwa miaka ya 1920 vyama vya ushirika vya eneo hili vilichangia kununua ardhi yenye msitu na ziwa dogo. Wanachama wakajenga ukumbi wa kucheza ngoma na nyumba ndogo za kulala.

Kwa nini watu waliong'oa visiki mchana kutwa watumie fedha zao kununua mahali pa kupumzikia? Sababu ni kwamba hawakuwa na mahali pao. Watu ambao majina yao yaliandikwa katika orodha walitaka mahali ambapo hakuna mtu atakayewafukuza. Walitaka pia mahali pa kuwafundishia watoto. Katika majira ya joto watoto wa wanaushirika waliletwa hapa kambini. Waliogelea na kuimba, na walijifunza maana ya ushirika.

Mpaka miaka hii yetu bustani hiyo ipo, na wenyewe ni wanachama. Kila mwezi Juni huwasha moto mkubwa na kufanya sikukuu ya Wafini ya katikati ya majira ya joto.

Lakini, ndugu msomaji, nitakuwa nimekudanganya nisipokuambia na jambo hili. Maduka mengi ya ushirika ya Wafini hayapo tena. Mwaka 1963 chama kikuu cha Superior kiliunganishwa na chama kingine kikubwa. Maduka mengine yalifungwa moja moja. Wazee waliochanga dola 15 na senti 50 walikufa. Wajukuu wengi walikwenda mijini. Huko walinunua mahali penye bei rahisi, kama afanyavyo kila mtu.

Hapa tunapata fundisho la kwanza. Mtoto anaweza kurithi shamba la baba yake. Anaweza kurithi hata hisa zake. Lakini hawezi kurithi moyo wa ushirika. Moyo huo hufundishwa upya kwa kila kizazi. Mahali usipofundishwa, duka hufungwa.

TUNAINGIA MBUGANI

Sasa tuelekee magharibi. Safari ni ndefu, kiasi cha kilometa 500. Msitu unakwisha. Tunavuka mto unaoitwa Red, yaani mto mwekundu, ambao maji yake yanakwenda kaskazini mpaka Kanada. Tukivuka tuko katika jimbo la North Dakota.

Tazama. Hakuna mlima. Ni mbuga tupu, na anga limeshuka mpaka chini pande zote. Ngano inayumba kwa upepo. Nyumba ya jirani iko mbali, pengine mwendo wa kilometa kadhaa. Hapa mtoto wa mkulima anaweza kukaa majira yote ya joto bila kucheza na mtoto wa nyumba nyingine. Ukumbuke jambo hilo.

Tunafika mji wa Jamestown. Kando ya mji, juu ya kilima, amesimama nyati mkubwa wa zege. Alijengwa mwaka 1959. Zamani nyati wa Marekani walijaa katika mbuga hizi, mpaka wazungu walipowaua karibu wote. Jamestown ni makao makuu ya Chama cha Wakulima cha North Dakota. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1927. Ni tawi la chama kikubwa kilichoanza katika jimbo la Texas mwaka 1902.

Nchi hii si ya mchezo. Katika mwaka mmoja tu, mwaka 1936, jimbo hili lilipata baridi ya digrii 51 chini ya sifuri, na joto la digrii 49. Maji huganda kwenye sifuri, basi fikiri mwenyewe digrii 51 chini yake ni baridi ya namna gani. Miaka hiyo ya 1930 ilikuwa ya ukame. Upepo ulichukua udongo wa mashamba ukaufanya wingu. Bei ya ngano ilianguka. Wakulima wengi walinyang'anywa mashamba kwa sababu ya madeni.

Ni katika miaka hiyo ya dhiki ambapo wakulima hao waliongeza juhudi ya kuwafundisha watoto. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Bi. Gladys Talbott Edwards. Baba yake, Charles Talbott, alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa chama hicho cha North Dakota. Bi. Edwards aliandika vitabu vya mafunzo na kusaidia kuanzisha madarasa na kambi za vijana. Baadaye aliongoza elimu katika chama cha taifa.

Alama ya chama hicho ni pembe tatu. Upande wa chini ni elimu. Upande mmoja ni ushirika, na upande wa pili ni sheria. Sisi tungesema ni mafiga matatu. Ukiwa na ushirika bila elimu, wajanja watakula mali yako. Ukiwa na elimu bila sheria, utajua haki yako lakini hutaipata. Wakulima wa North Dakota walilijua figa la sheria mapema. Kwa kura zao jimbo lilianzisha benki yake mwaka 1919, na kinu chake cha kusaga ngano mwaka 1922. Vyote viwili vinafanya kazi mpaka leo. Lakini wao husema kwamba upande unaobeba pande nyingine ni elimu. Ndiyo sababu wameuweka chini.

DUKA LA WATOTO

Sasa tuingie kambini. Chama cha Wakulima cha North Dakota bado kinaendesha kambi za watoto kila majira ya joto. Watoto hupangwa kwa umri. Wadogo hukaa siku chache, na wakubwa hukaa zaidi. Wanaogelea, wanacheza mpira, wanaimba jioni.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hutakikuta katika kila kambi. Nacho ni duka la ushirika la watoto wenyewe.

Siku ya kwanza watoto hufanya mkutano. Kila mtoto hununua hisa moja kwa fedha kidogo. Mtoto mmoja ana kura moja. Awe mtoto wa mwenye trekta tatu, au mtoto wa mtu asiye na shamba, kura ni moja. Kisha huchagua halmashauri yao. Halmashauri hutafuta watu wa kuuza na kutunza vitabu. Duka hufunguliwa. Linauza pipi, soda na vitu vidogo vidogo. Siku ya mwisho hesabu hufanywa mbele ya wote, nao huamua ziada itumiweje.

Hebu tufanye mfano kwa shilingi zetu. Chukua kalamu uhesabu pamoja nami.

Tuseme kambi ina watoto 40. Kila mtoto ananunua hisa ya shilingi 500. Mtaji ni shilingi 20,000. Halmashauri inanunua bidhaa za shilingi 18,000. Shilingi 2,000 zinabaki sandukuni kwa ajili ya chenji. Bidhaa zote zinauzwa kwa shilingi 24,000. Basi siku ya mwisho sanduku liwe na shilingi 26,000.

Watoto wanarudishiwa hisa zao, shilingi 20,000. Inabaki ziada ya shilingi 6,000. Wanapiga kura. Wanakubaliana kwamba shilingi 1,200 ziwasaidie wagonjwa. Shilingi 4,800 wanagawana. Je, wanagawana sawa? Hapana. Kila mtoto anapata kwa kadiri alivyonunua dukani. Kila aliyenunua vitu vya shilingi 1,000 anarudishiwa shilingi 200. Aliyenunua vitu vya shilingi 500 anarudishiwa shilingi 100. Hapo mtoto anaona kwa macho yake tofauti ya duka la ushirika na duka la mtu binafsi. Faida inarudi kwa mnunuzi.

Sasa tuseme sanduku limefunguliwa, na ndani mna shilingi 25,700. Shilingi 300 hazipo.

Ndugu msomaji, somo kubwa la kambi lingekuwa hapo. Mtoto wa miaka tisa anasimama, anauliza, "Mia tatu ziko wapi?" Mweka hazina ni rafiki yake. Walilala chumba kimoja. Hata hivyo anauliza. Mweka hazina anafungua daftari. Wanasoma mstari kwa mstari. Mwisho wanagundua kwamba muuzaji aliwapa wenzake watatu soda kwa mkopo, kila mmoja akabaki na deni la shilingi 100. Hakuandika. Alidhani atakumbuka.

Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyeitwa mwizi. Deni linalipwa, kitabu kinasahihishwa. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wengi tumeufahamu ukweli huo uzeeni, baada ya kupoteza mazao ya msimu mzima. Mtoto wa kambini angeufahamu kwa shilingi 300.

Tena amejifunza mambo mawili makubwa zaidi ya hesabu. Amejifunza kwamba kumwuliza kiongozi si kumtukana. Na yule mweka hazina amejifunza kwamba kuulizwa si kuvunjiwa heshima.

Kijana anayeendelea na mafunzo hayo kwa miaka mitano anaweza kupewa tuzo ya juu ya vijana wa chama. Jina la tuzo hiyo maana yake ni Mbeba Mwenge. Sisi tunaijua maana ya mwenge. Mwenge wetu uliwashwa juu ya Kilimanjaro usiku wa Uhuru, mwaka 1961. Mwenge hauna faida ukishikwa na mzee mmoja mpaka ukazimika mkononi mwake. Hupokezanwa.

HOFU YA MZAZI

Labda unasema moyoni, "Maneno ni mazuri. Lakini mtoto wangu nimtume kwa watu nisiowajua?" Hofu hiyo ni halali. Hata mkulima wa North Dakota anayo. Yeye pia ana kazi za majira ya joto, na mtoto wake ni mkono wa kazi. Naye pia hulala macho wazi usiku wa kwanza mtoto akiwa hayupo.

Basi mzazi mwenye busara huuliza maswali kabla ya kumruhusu mtoto. Wewe nawe uulize hivi:

Watu wazima watakaolala kambini ni akina nani? Wana majina? Nani anawafahamu?

Wasichana watalala wapi, na wavulana wapi? Nani anawalinda usiku?

Kuna maji karibu? Nani anayejua kuogelea atakaa hapo watoto wakiwa majini?

Mtoto akiugua, zahanati iko umbali gani? Mtanipata kwa njia gani?

Kambi nzuri haikasiriki ikiulizwa. Inajibu. Tena humpa mzazi karatasi ya kuandika ugonjwa wa mtoto, dawa anazotumia, na chakula kinachomdhuru. Mwisho mzazi hutia saini. Wewe sasa unajua kusoma. Usitie saini kabla hujasoma mpaka mstari wa mwisho. Na umwambie mtoto wako maneno haya: "Mtu mzima yeyote akikutendea jambo baya, hata kama ni mwalimu, hata kama ni kiongozi, usifiche. Niambie."

TURUDI NYUMBANI

Safari yetu imekwisha. Tuko tena kijijini.

Sisi si wageni wa ushirika. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933. Wakati huo wakulima wengi wa dunia walikuwa hawajalisikia neno hilo. Chuo chetu cha Ushirika cha Moshi kilianzishwa mwaka 1963. Lakini tumepita pia njia ya miiba. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa. Mwaka 1982 sheria ikaturudishia. Katika miaka hiyo yote mkulima alisikika akisema "ushirika wao." Hakusema "ushirika wetu." Mtu hawezi kukilinda kitu ambacho moyoni mwake si chake.

Mwaka 1995 vyama vya ushirika vya dunia nzima vilikutana katika mji wa Manchester, Uingereza, vikakubaliana kanuni saba. Kanuni ya tano inahusu elimu. Imewataja vijana waziwazi. Kwa hiyo kumfundisha mtoto ushirika si anasa ya Wamarekani wenye nafasi. Ni kanuni ya ushirika wenyewe, pamoja na ule wa kijiji chako.

Je, tunahitaji ziwa kubwa na nyumba za mbao? Hapana. Tunahitaji mambo matatu.

Kwanza, siku chache za likizo. Shule ya msingi ina madarasa na uwanja. Wazazi wakichanga unga, maharage na kuni, watoto watakula. Mwalimu, mjumbe wa halmashauri ya chama cha msingi na akina mama wanaoaminika watakaa nao.

Pili, duka dogo. Linaweza kuuza kalamu, madaftari na karanga. Hisa iwe ndogo, ili mtoto wa mjane naye aipate. Watoto wachague viongozi wao. Wasichana wachaguliwe sawa na wavulana, si kuachiwa kazi ya kupika.

Tatu, na hili ndilo gumu. Sisi watu wazima tukae kimya. Watoto wakikosea hesabu, tusiwanyang'anye daftari. Tuwaache watafute wenyewe. Mtoto akisimama na kuuliza fedha ziko wapi, tusimwambie, "Kaa chini, wewe mtoto."

Baada ya miaka 20 mtoto huyo atakuwa ameketi katika mkutano mkuu wa chama cha msingi. Mizani itakuwa mbele yake. Stakabadhi itakuwa mkononi mwake. Katibu atasoma hesabu haraka haraka, kama ilivyo desturi ya wengine. Ndipo yeye atasimama, kwa adabu, na kusema, "Ndugu Katibu, naomba urudie mstari wa tatu."

Samaki mkunje angali mbichi. Wewe na mimi tulijifunza kusoma tukiwa watu wazima, baada ya wengine kutusomea mali yetu wapendavyo. Watoto wetu wasingoje mpaka hapo. Jioni hii, ukimaliza kusoma, mwite mtoto wako. Mpe kalamu. Mwambie afanye ile hesabu ya duka la watoto 40, halafu mwulize: "Mia tatu ziko wapi?"